Kamba ya Bi Zaynab: Darsa Kuhusu Mazoezi ya Chumbani kwa Programu ya Simu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Mwisho. Ama baada ya hayo.



Muhula huu, ukipita kwenye hosteli za akina dada hapa Mbale baada ya swala ya Laasiri, utasikia kutoka chumba hadi chumba simu ikihesabu kwa Kiingereza kutoka kumi hadi sifuri, kisha miguu inatua sakafuni. Ni programu za mazoezi. Dada zetu wengi wamezipakua, na kaka zetu nao wanazo, hasa wakati wa mitihani ambapo hakuna nafasi ya kwenda uwanjani. Katika halaqa yetu ya Ijumaa nimeulizwa mara nyingi: je, dini inasemaje kuhusu jambo hili? Kuna anayesema ni mambo ya kuiga tu. Kuna anayesema ni sunna na hakuna la kuuliza.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Masomo ya Kiislamu. Si mufti wala si daktari. Nimekusanya hapa yale tuliyoyasoma darasani na yale tuliyoyajadili katika halaqa, ili kila mmoja wetu ajue anashika nini anaposhika simu yake na kuanza kuruka.

MWILI UNA HAKI

Tuanze na kijana mwenzetu. Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.) alikuwa swahaba kijana mwenye hima kubwa ya ibada. Alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Habari zikamfikia Mtume (s.a.w.), akamwita na kumuuliza kama ni kweli. Alipokiri, Mtume akamkataza, akamwelekeza afunge na kufungua, asimame na kulala, kisha akamhesabia wenye haki juu yake: mwili wake una haki, macho yake yana haki, mke wake ana haki, mgeni wake ana haki. Hadithi hii ameipokea Imam al-Bukhari. Na katika mapokezi yake imekuja kwamba Abdullah alipokuwa mzee alitamani lau angeikubali ile ruhusa ya Mtume tangu mwanzo.

Angalia mambo mawili hapa. La kwanza, mwili haukutajwa kama chombo cha kutumia tu, umetajwa kama mwenye haki. Mwenye haki hudai. La pili, aliyeambiwa maneno haya hakuwa mvivu, alikuwa amezidisha. Kwa hiyo haki ya mwili huvunjwa kwa njia mbili: kwa kuuacha ukae siku nzima kitini ukila chapati na soda, na kwa kuutwisha usichoweza.

Dalili ya pili ni ya Mama wa Waumini Bi Aisha (r.a.). Alikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), naye bado msichana mwembamba. Mtume akawaambia watu watangulie mbele, kisha akashindana naye mbio, Bi Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena katika safari nyingine, Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa wamelipana. Imepokewa na Imam Ahmad na Abu Daud. Dada zangu, tusipite haraka hapo penye watu kutangulia mbele. Mwanamke amekimbia, amefurahi, na sitara yake imehifadhiwa. Mambo hayo hayagombani.

Dalili ya tatu ni hadithi ya Abu Huraira (r.a.) katika Sahihi Muslim, inayomtaja muumini mwenye nguvu kuwa ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, na kwamba katika kila mmoja wao kuna kheri. Imam an-Nawawi ameieleza nguvu hiyo kuwa ni azma ya nafsi katika mambo ya akhera: jihadi, kuamrisha mema, kuvumilia maudhi, kudumu katika swala na swaumu. Hivyo misuli si lengo. Misuli ni msaada kwa mwenye lengo. Anayeweza kupanda ngazi bila kuhema, kubeba mtungi wa maji na kusimama katika tarawehe bila kuegemea ukuta, amepewa wenzo. Atautumia kwa lipi, hilo ni swali lake na Mola wake.

PROGRAMU HUFANYA NINI HASA

Kabla ya kutoa hukumu juu ya kitu, wanachuoni wetu wa usul wanatufundisha tukijue kitu chenyewe kwanza. Basi tuitazame programu ya mazoezi.

Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza umri, uzito, urefu na lengo lako: kupunguza mwili, kuongeza nguvu au kuwa mwepesi. Kutokana na majibu hayo inakuchagulia ratiba ambayo tayari imo ndani yake. Inakuonyesha picha au video ya kila zoezi, inahesabu sekunde, inakuambia pumzika, kisha inaandika kuwa siku hii umetimiza. Kesho inakutumia arifa kukukumbusha. Nyingine zinatumia kamera kutazama umbo la mwili wako, nyingine zinasoma mapigo ya moyo kwenye saa ya mkononi.

Nyingi zimejengwa juu ya wazo sahili. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa mazoezi, Brett Klika na Chris Jordan, walichapisha katika jarida la chuo cha Marekani cha tiba ya michezo ratiba ya mazoezi 12 yanayofanywa kwa uzito wa mwili wako mwenyewe, kiti na ukuta tu. Kila zoezi sekunde 30, pumziko sekunde 10. Ukijumlisha unapata dakika zisizofika 8. Ikaenea duniani kote kwa jina la mazoezi ya dakika saba. Wengi wanaoifuata hawajui kuwa waandishi wenyewe walieleza kwamba mzunguko huo unaweza kurudiwa mara mbili au tatu, na kwamba ulikusudiwa ufanywe kwa nguvu nyingi. Haikuwa ahadi kwamba dakika saba za kujivutavuta zinatosha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu ya hayo mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Ukigawa 150 kwa siku tano unapata nusu saa kwa siku. Mwanafunzi anayetembea kwa kasi kwenda na kurudi darasani anaweza kuwa amepata sehemu kubwa ya hizo bila kugusa simu.

Tujue pia isichokijua. Programu nyingi hukisia kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri wako kutoka 220. Wa miaka 22 anapewa 198. Hiyo ni hesabu ya wastani wa watu wengi, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana sana. Vivyo hivyo hesabu ya nguvu ulizochoma ni makisio. Hata zile hatua 10,000 kwa siku ambazo watu huzishika kama fardhi zilianza na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si na utafiti wa kitabibu. Programu haijui kuwa jana hukulala kwa sababu ya mtihani, kuwa leo umefunga Jumatatu, wala kuwa una malaria. Inajua tarehe, na inajua kama umebonyeza au hukubonyeza.

KAMBA KATI YA NGUZO MBILI

Sasa tuingie katika kiini cha darsa letu.

Anas bin Malik (r.a.) anasimulia, na hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza kamba hii ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab (r.a.): anaposwali akachoka, huishikilia ili asimame. Mtume akaamrisha ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na uchangamfu, akichoka akae.

Tafakari, ndugu yangu. Ile ilikuwa swala, ibada bora kuliko zote, na mwenye kuisimamia ni Mama wa Waumini. Kamba yenyewe si haramu. Lakini kamba ile ilikuwa inamsimamisha mtu pale ambapo mwili wake ulikwisha sema basi. Mtume wa rehema hakuiacha.

Programu za mazoezi zina kamba yao. Ni ule mfululizo wa siku. Umefanya siku 10 bila kukosa, moto mdogo unawaka kwenye kioo. Umefika 30, unapewa nishani. Ukikosa siku moja, hesabu inarudi sifuri. Waliotengeneza wanajua kuwa binadamu anachukia kupoteza alichokwisha kusanya, na kwa walegevu kama wengi wetu kamba hii ina faida: inakuinua kitandani siku usiyo na sababu ya kulala ila uvivu. Siikatai. Tatizo ni siku ile ambayo sababu ipo.

Katika hosteli yetu yupo dada mmoja, sitamtaja, ambaye muhula uliopita alikuwa amefikisha siku 38. Akapata malaria. Alikuwa ameanza dawa, macho mekundu, mikono inatetemeka. Jioni tukamkuta ameshika ukingo wa kitanda anachuchumaa na kuinuka huku simu ikimhesabia. Tukamwambia, "Dada, lala." Akajibu, "Nikikosa leo narudi sifuri." Alianguka kabla mzunguko haujaisha. Tulimpeleka zahanati usiku ule na matroni, na kwa fadhila za Allah alipona. Nimemwomba ruhusa kuandika haya, akasema, "Andika, wengine wapate funzo."

Neno lake lile, narudi sifuri, ndilo lililonifanya niandike darsa hili. Kwa sababu Muislamu ana hesabu nyingine. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.), na imo katika Sahihi al-Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mkazi na mwenye afya. Wanachuoni wameieleza kuwa ni kwa yule aliyekuwa na mazoea ya kutii, kisha udhuru ukamzuia, na nia yake ni kwamba lau si udhuru angeendelea.

Subhanallah! Mfululizo wako kwa Mola wako haukatiki kwa homa. Aliyekuwa akilinda mwili wake kwa nia ya kumtii Allah, akalala siku tatu kwa malaria, tunatarajia kwa rehema Zake kuwa kulala kwake kumeandikwa pamoja na kuruka kwake. Simu itaandika sifuri. Iache iandike.

Na usije ukasema basi hakuna haja ya kudumu. Bi Aisha (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu hata ikiwa kidogo. Kudumu ni sunna. Lakini kudumu kwa mwaka mzima kwa dakika 15, ukipumzika unapougua, ni tofauti na kushikilia siku 40 kwa meno kisha kuacha kabisa kwa sababu namba imevunjika. Wengi wanaorudi sifuri hawaanzi tena. Kamba imekatika, na aliyekuwa ameegemea kamba ameanguka.

MAMBO SITA YA KUANGALIA

Baada ya kuelewa msingi huo, haya ni mambo sita ambayo kila anayetumia programu ayapime.

1. Nia. Amali huhesabiwa kwa nia, kama alivyopokea Umar bin al-Khattab (r.a.). Kufanya mazoezi ni jambo la mubaha, na kwa nia njema mubaha huwa na ujira. Nia afya yako ya kuswali, kusoma, kuwatumikia wazazi. Kisha linda nia hiyo na riyaa. Programu zinapenda utume picha ya matokeo yako kwenye kundi la WhatsApp. Kumhimiza mwenzako ni kheri, lakini jiulize: kundi likifungwa leo, kesho nitafanya?

2. Sitara. Rai ya wanachuoni wengi ni kwamba awra ya mwanamume ni kati ya kitovu na goti, na ya mwanamke mbele ya wanawake wenzake Waislamu ni hiyo hiyo, pamoja na haya. Kaka zangu, bukta fupi uwanjani ni katika hili pia. Funga mlango na pazia. Kuhusu video za wakufunzi wasiositirika, Surat an-Nur aya ya 30 na 31 zimewaamrisha wanaume na wanawake kuinamisha macho. Zipo programu zinazoonyesha michoro badala ya watu, au unaweza kujifunza zoezi kwa maelezo kisha ukafuata sauti tu. Muziki nao, jamhuri ya wanachuoni wa madhehebu manne wamekataza ala. Nyingi za programu hizi zina kitufe cha kuuzima na kubakisha sauti ya kuhesabu. Zima.

3. Kamera na siri zako. Surat an-Nur aya ya 58 imetufundisha nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia, kwa sababu ndizo nyakati za kuvua nguo. Iweje basi kamera ya simu iingie bila kuulizwa ukiwa na nguo za mazoezi? Kama programu inaomba kamera na huihitaji, ikatalie kwenye mipangilio ya simu. Vivyo hivyo mahali ulipo. Januari 2018 ramani ya dunia iliyotolewa na programu ya Strava, inayoandika njia za wakimbiaji, iligunduliwa kuwa inaonyesha kambi za kijeshi kwa sababu askari walikuwa wakikimbia humo na simu zao. Novemba 2020 Motherboard ya Marekani iliripoti kuwa data ya mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro ilikuwa ikifika kwa kampuni ya X-Mode, iliyokuwa na wateja miongoni mwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilikanusha kuwa iliuza data kwa jeshi, na ikatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Na kwa dada zangu: Januari 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza mapatano na Flo, programu ya kufuatilia siku za hedhi, baada ya kuituhumu kuwa iliahidi siri kisha ikapeleka taarifa za watumiaji kwa makampuni kama Facebook na Google. Baadhi ya programu za mazoezi nazo huuliza siku zako. Si lazima kujibu kila unachoulizwa. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini mlinzi wa kwanza wa siri yako ni wewe.

4. Mkataba wa malipo. Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inaamrisha kutimiza mikataba. Unapobonyeza "nakubali" umeingia mkataba, hivyo soma. Wengi hutoa siku 7 za bure, kisha hukata pesa za mwezi au za mwaka mzima kwa dola. Jua pia kuwa kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Lazima uingie kwenye akaunti ya duka la programu na usitishe huko. Pesa ya mwanafunzi mara nyingi ni jasho la mzazi au sadaka ya mfadhili, nayo ni amana. Na wale wanaorushiana kwa simu programu za kulipia zilizovunjwa ili zitumike bure, wajue kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano nchini Kuwait, Desemba 1988, liliamua kuwa haki za ubunifu na utunzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Zipo za bure za halali. Zitosheke hizo.

5. Madhara. Imepokewa na Abu Daud na wengine kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu huwa na dhamana ya madhara yake. Fuqaha wamejenga juu ya hili mlango mzima wa dhamana ya tabibu. Sasa soma yale masharti ya programu: karibu zote zimeandika kuwa wao si madaktari na hawabebi dhamana. Wamekiri wenyewe, basi usiwafanye madaktari. Mwenye pumu, mwenye tatizo la moyo, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aende zahanati aulize kwanza. Mwenye selimundu, ugonjwa uliopo kwa wingi mashariki hii ya Uganda, ajue kuwa kujichosha kupita kiasi na kukosa maji kunaweza kuamsha maumivu makali. Ukihisi kifua kinauma, kizunguzungu au pumzi kukatika, acha hapo hapo. Na madhara si kwako tu. Kanuni ya Mtume (s.a.w.) ni kutodhuru na kutodhuriana. Kuruka saa nne usiku juu ya kichwa cha jirani wa chumba cha chini ni kumdhuru. Naye ana haki.

6. Swala na swaumu. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, nyakati za swala hazibadiliki sana mwaka mzima. Hilo ni neema ya kupanga ratiba. Weka arifa ya mazoezi baada ya Laasiri, si kuelekea Magharibi. Adhana ikitoka huku simu imebakiza mizunguko miwili, swala ndiyo yenye haki. Mwezi wa Ramadhani punguza: kutembea au mazoezi mepesi muda mfupi kabla ya futari, au ya nguvu kiasi baada ya tarawehe ukiwa umekunywa maji. Kama programu inakuandikia umezembea kwa sababu umefunga, hilo lisikuumize hata kidogo.

RATIBA NDOGO YA HOSTELI

Hii ndiyo tunayoifanya sisi watano, Jumanne na Jumamosi, na haihitaji bando wala kifaa. Simu tunaitumia kama saa tu.

Pasha mwili moto dakika 5: tembea hapo hapo ulipo, zungusha mabega na nyonga. Kisha fanya mazoezi haya, kila moja sekunde 30, pumzika sekunde 30 ukiwa mgeni au 10 ukishazoea:

Kuchuchumaa na kuinuka, visigino vikibaki chini, kama unakaa kwenye kiti.
Pushapu ukiwa umeegemea ukuta. Ukipata nguvu hamia ukingo wa kitanda, kisha sakafuni.
Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua nyonga.
Kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao.
Kunyanyua mtungi wa maji wa lita 5, ambao ukijaa ni kilo 5 na kitu, kwa mkono mmoja mmoja.

Rudia mzunguko mara mbili au tatu. Malizia kwa kunyoosha viungo. Siku nyingine tano tunatembea kwa kasi nusu saa, wawili wawili, njia ya kuelekea Wanale inatosha kukutoa jasho. Anayeugua halazimishwi, na anaporudi haulizwi alikuwa wapi kwa siku ngapi. Anaulizwa hali.

Ukipenda programu ikuongoze, itumie. Ila izime sehemu ya nishani na mfululizo kama inakubali, au uizoeze nafsi yako kutoitazama.

HITIMISHO

Programu ya mazoezi ni wenzo wa mubaha. Hukumu yake hufuata kinachofanywa nayo. Kwa mwenye nia njema, aliyejisitiri, aliyelinda siri na mali yake, na anayeusikiliza mwili wake, ni msaada wa kutimiza haki ya mwili. Kwa anayejionyesha, au anayejiumiza kwa ajili ya namba, ni kamba ambayo Mtume (s.a.w.) angeamrisha ifunguliwe. Ifungue mwenyewe.

Kwa halaqa za wiki ijayo, tujadili maswali haya:

1. Katika kisa cha Abdullah bin Amr, kwa nini Mtume (s.a.w.) alitaja haki ya mwili pamoja na haki ya mke na mgeni? Mwili uliochoka unawanyima nini hao?
2. Kuna tofauti gani kati ya kudumu kulikosifiwa katika hadithi ya Bi Aisha na mfululizo wa siku wa programu?
3. Fungua programu moja iliyo kwenye simu yako na soma masharti yake. Umekubali nini ambacho hukukijua?
4. Ni kitu gani kingine katika maisha ya chuo, si mazoezi tu, ambacho tunakishikilia kama kamba wakati tunapaswa kukaa?

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe afya katika miili yetu, masikio yetu na macho yetu, awaponye wagonjwa wetu, na ajaalie nguvu zetu ziwe katika kumtii. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.